Taa ya dagaa hafifu: pima volti kwenye taa yenyewe

Salama mkuu. Umepima 12.4 V kwenye betri na ampea 4, ukapata omu 3.1 na wati 49.6, ila taa ya mtumbwi bado hafifu. Hesabu haina kosa: volti gawanya kwa ampea ni ukinzani, volti mara ampea ni nguvu. Lakini hapo umepata vya mzunguko mzima, waya ukiwemo.

Washa taa, kisha gusisha mita kwenye miguu ya taa. Mimi huku Igombe, Mwanza, kwa betri ya 12.4 V na ampea zilezile 4, nilikuta 10.4 V. Volti 2 zimepotelea njiani: 2 ÷ 4 ni omu 0.5, na 2 × 4 ni wati 8 zinazopasha waya joto bure. Sasa waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, mita 10 kwenda na 10 kurudi, una kama omu 0.34. Omu zilizobaki zilikuwa kwenye kiungo cha waya. Nilipobandua tepu nyeusi, shaba ilikuwa ya kijani na inakatika kwa kucha.

Anza na viungo. Volti zikiendelea kushuka, vuta waya wa milimita 2.5 za mraba. Na tafadhali, ukipima ampea usiweke mita moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, utaiunguza.