Tela ikiyumba barabarani, kosa lilifanyika yadi

Juzi asubuhi nilipita yadi moja Tegeta nikakuta vijana wawili wanapakia tela ya kambi kwenda Mikumi. Jenereta iko nyuma, mlangoni kabisa, mitungi ya gesi ubavuni mwake, mahema na magodoro ndiyo yamekaa mbele. Nikauliza kulikoni. "Mzee, tunafika usiku, jenereta lazima ishuke ya kwanza tupate taa." Jibu hilo hilo nililitoa mimi miaka kumi na nne iliyopita. Nikawashushisha mzigo wote chini. Wakaninunia mpaka saa tano. Nawapenda wale watoto, na kwa kuwa siwezi kupita kila yadi ya Dar, naandika.

1. Pima uzito wa ulimi, yaani ule mkono wa mbele wa tela unaoungana na gari. Ulimi ukiwa mwepesi, tela inayumba. Tela ikishapakiwa, ulimi wake unatakiwa ukandamize gololi ya gari, kile kirungu cha chuma cha kuvutia tela, kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Tela ya kilo 1,200 maana yake kilo 120 hadi 180. Wenye makaravani, zile nyumba za kuvutwa na gari, kule Uingereza hutumia asilimia 5 hadi 7, kwa hiyo mteja akikuletea karavani yake usimpakilie kwa mazoea ya huku. Soma kibati cha gari na cha tela, na kiwango kilicho kidogo ndicho cha kufuata. Mizani ya bafuni inatosha kupimia. Uzito ukiizidi, laza ubao: upande mmoja weka tofali, upande wa pili mizani, futi 3 kutoka kwenye tofali. Ulimi uukalishe juu ya ubao futi 1 kutoka kwenye tofali. Unachosoma zidisha kwa 3. Dakika kumi tu, na bado mtu ananiambia hana muda.

2. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli. Hapa hata wenye akili wanakosea. Kijana anaweka jenereta mbele na simtenki nyuma, anapima ulimi, anapata kilo 130, anapiga makofi. Mmewaona wauza maji wa mzega? Ndoo mbili, moja kila ncha ya mti. Mzega ukishaanza kuzunguka, kuusimamisha ni kazi, hata kama umelala sawasawa begani. Tela yenye uzito kwenye ncha zote mbili ni hivyo hivyo. Mizani itakusifu, halafu Mikese utalia.

3. Tela ikiyumba, usikanyage breki. Hili naomba mlisome lote.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imekaza. Nilikuwa na Hilux na tela ya ekseli moja isiyo na breki. Jenereta nyuma, na simtenki ya lita 500 nyuma pia, nimeijaza nusu, yaani kilo 250 za maji yanayotembea. Wakati wa kuunganisha niliunyanyua ulimi kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Nikamwambia msaidizi wangu, leo tela nyepesi. Onyo lilikuwa mkononi mwangu, nami nikalifurahia.

Kimara hadi Kibaha ilikuwa foleni, hatukuzidi 40, tela imetulia. Tulipoiacha Mlandizi nikaona nimechelewa, nikakanyaga. Kwenye 90 nikahisi kiti kinanisukuma kiunoni, kidogo tu, kushoto, kulia. Nikasema ni barabara. Tukaanza kuteremka kwenda bonde la Ruvu, basi la mkoani likatupita. Hewa ya pua ya basi ikausukuma mkia wa tela kushoto, basi liliposonga mbele ikauvuta kulia, na mkia haukurudi katikati tena. Kila ulivyokwenda na kurudi, ulizidi. Kwenye kioo niliona ubavu mzima wa tela, na barabara imenyooka.

Nikafanya makosa mawili mfululizo. Kwanza nikapigana na usukani: nikikata huku, tela imeshahamia kule, kwa hiyo kila nilichofanya kiliongeza. Halafu nikakanyaga breki kwa mguu wote. Gari likapungua, tela haikupungua, na uzito wote ule ukaisukuma gololi kwa pembeni. Mkia wa Hilux ukageuzwa. Tulisimama mtaroni tumeelekea Dar, tela imelala ubavu, magodoro yametapakaa kwenye nyasi.

Msaidizi wangu alivunjika mtulinga. Alikuwa na miaka 19. Mama yake alifika hospitali, akanisalimia kwa adabu zote, akauliza neno moja: "Baba, kulikuwa na haraka gani?"

Kwa bosi nilisema ni upepo na basi, na kwa miaka miwili kila aliyeuliza nilimjibu hivyo hivyo. Upepo ulikuwepo kweli, na basi lilipita kweli. Lakini siku ile ile, barabara ile ile, wenzangu walivuta tela zao wakafika. Lililonipindua nililipakia mwenyewe alfajiri, na kijana yule alistahili kusikia hivyo kutoka kwangu mapema. Nilimwambia nimeshachelewa.

4. Basi, ikianza kuyumba: achia mafuta taratibu, shika usukani unyooke, usiifukuze tela, acha spidi ishuke yenyewe. Kama tela ina breki za umeme na una kitufe chake ndani, bonyeza breki za tela peke yake. Zinaivuta nyuma, inanyooka. Wapo wanaofundisha ukanyage mafuta uivute. Wanawadanganya, tena mteremkoni ni hatari mara mbili, kwa sababu spidi ndiyo inayoilisha. Ikitulia simama, panga mzigo upya. Usijikokote nayo "mpaka Chalinze tu."

5. Upepo wa tairi pima zikiwa za baridi, za tela na za nyuma za gari.

6. Gololi ya milimita 50 na ya inchi 2 si moja. Ukiunganisha, itikise kwa mikono miwili kabla ya kufunga minyororo, na minyororo ipishane chini ya ulimi.

7. Ukiwa na tela usizidi 80, hata tochi ya trafiki isipokuwepo.

Wale wa Tegeta walipima mara tatu. Mara ya kwanza kilo 35, na tela yao ni ya kilo 1,200. Mara ya pili 90. Mwisho 140, jenereta imekaa juu ya ekseli na imefungwa kwa mikanda. Taa yangu ya kuchaji nimewaachia ikae kwenye kabini, wasimamishie mahema kwa hiyo. Jenereta itashuka baadaye.