Muulize Fundi: Lenzi ya bei ya pikipiki

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga picha za sendofu na kicheni pati hapa Mwanza kwa Canon 700D na lenzi yake ya milimita 18-55 iliyokuja nayo boksini. Ukumbini picha zinatoka na chenga tupu. Nimeambiwa dawa ni Canon 24-70 f/2.8L, lakini kwa hela hiyo nanunua pikipiki na chenji inabaki. Rafiki yangu ananishauri niuze vyote nihamie Sony, eti lenzi zake za bei nafuu ni nyingi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo 24-70 achana nayo. Toleo lake la pili lilitoka 2012 kwa dola 2,299, na ni lenzi kweli kweli, ila kwenye sensa ndogo (kile kipande kinachopokea picha) kama ya 700D yako milimita 24 inaona kama 38. Siku ya kuwapiga mashangazi wote kwa pamoja utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge spika za DJ.

Kinachokusumbua ni mwanga. Hiyo 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana, na f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya huo. Picha uliyoipiga kwa ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga) ya 6400 utaipiga kwa 1600, na chenga zitapungua.

Canon wana 17-55 f/2.8 ya sensa kama yako, ya mwaka 2006, ambayo mpya ilifika dola 880 hivi. Sigma nao walitoa 17-50 f/2.8 yenye kutuliza mtikisiko, ikawa inauzwa karibu nusu ya hapo. Ninayo mimi. Ringi yake ya fokasi huzunguka yenyewe kamera inapotafuta, basi vidole vikae mbali. Zaidi ya hapo sina lawama, na sijaona wateja wangu wakiuliza jina la lenzi. Tafuta iliyotumika.

Rafiki yako hajakosea sana. Sony walizifungulia kampuni nyingine mlango wa kutengeneza lenzi za kamera zao tangu 2011, ndiyo maana Tamron 28-75 f/2.8 ilitoka 2018 kwa dola 799 wakati 24-70 GM ya Sony wenyewe ilikuwa 2,199. Canon kwenye kamera zao mpya zenye mdomo wa lenzi wa RF walibana. Sigma na Tamron walianza kutangaza lenzi zao za RF mwaka 2024. Lakini wewe uko EF, mdomo wa zamani wa Canon, ambako kampuni hizo zimetengeneza lenzi miaka na miaka na mitumba imejaa. Ukihama utanunua bodi, betri na flashi upya.

Mtumba usiununue kwa picha za simu. Niliwahi kutuma hela ya lenzi iliyokuwa imekaa Tanga, nje inang'aa kama sahani ya harusi. Ilipofika nikawasha tochi ya simu nyuma yake: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, kuvu, imekula hadi kioo cha katikati. Muuzaji hakupokea tena simu.

Kwa hiyo nenda na 700D yako mkononi. Mulika tochi mbele na nyuma. Kisha simama karibu na gazeti ukutani, weka 50mm, f/2.8, piga picha kumi na uzikuze kwenye skrini hapo hapo. Herufi zikiwa na ukungu, mrudishie lenzi yake.