Maswali ya Ngumi: Kadi ya 118–110 na Raundi ya Saba

SWALI: Kijiweni kwetu ubishi hauishi kuhusu pambano la kwanza la mabondia Golovkin na Canelo, lililoisha sare. Mimi nashikilia kuwa jaji aliyeandika 118–110 kwenye kadi yake ya alama, akimpa Canelo, ndiye aliyemdhulumu Golovkin. Jamaa yangu anasema hata bila kadi ile ingekuwa sare tu. Tuamulieni. – Msomaji, Tanga

JIBU: Jamaa yako yuko karibu zaidi na ukweli. Usiku ule wa Septemba 16, 2017, Las Vegas, Adalaide Byrd alimpa Canelo 118–110, Dave Moretti akampa Golovkin 115–113, Don Trella akaandika 114–114. Pointi za majaji hao watatu hazijumlishwi. Kila kadi ni kura moja, iwe imeshinda kwa pointi nane au mbili. Isogeze kadi ya Byrd hadi 114–114: Golovkin ana kura moja, sare mbili, na matokeo yanabaki sare.

Kadi ya kuitazama ni ya Trella. Raundi ya 7 alimpa Canelo, wakati wenzake wote wawili walimpa Golovkin. Naam, hata Byrd, aliyempa Golovkin raundi mbili tu usiku mzima! Mshindi wa raundi hupata 10, mwenzake kwa kawaida 9; igeuze raundi hiyo moja, Trella anasoma 115–113 na Golovkin anashinda kwa kura mbili dhidi ya moja. Kadi ya Byrd ilikuwa mbovu, hatuitetei, ila lawama zote ziliishia kwake.

SWALI: Golovkin alitua makonde 218, Canelo 169. Mbona hayakumsaidia?

JIBU: Jaji haletewi hesabu hiyo, na anaamua raundi moja moja. Raundi uliyoizidi kwa makonde kumi na uliyoizidi kwa konde moja zito zote ni 10–9. Tena ndani ya 218 jabu (konde la kunyoosha) la kugusa na hook (konde la kuzungusha) ya kutikisa zinahesabika sawa.

SWALI: Kadi ikipingwa, matokeo hubadilishwa?

JIBU: Nevada, kwa nadra sana: majaji wakila njama, alama zikijumlishwa vibaya, au refa akiitafsiri kanuni kimakosa. Jicho baya la jaji halimo.

SWALI: Tunataka kujaza kadi wenyewe nyumbani. Tuanzeje?

JIBU: Zimeni sauti, maana mtangazaji huwabeba bila nyie kujua. Kila mtu na karatasi yake: safu mbili, mistari 12. Kengele ikilia andikeni papo hapo, kabla ya marudio ya polepole. Jaji hana marudio, na alama yake huchukuliwa kila raundi, hawezi kurudi kuisahihisha.

Tangulizeni makonde safi yanayofika usoni au mwilini. Kisha mashambulizi yenye madhara, utawala wa ulingo na ulinzi. Hapa ndipo wengi hukosea: bondia anayesonga mbele huku makonde yake yakiishia kwenye glavu za mwenzake hajapata kitu. Aliyeangushwa mara moja kwa kawaida ni 10–8. Refa akikata pointi, andikeni kwanza alama ya raundi, ndipo muitoe. Msikimbilie 10–10 (raundi ya sare) kila mkibabaika.

Raundi iliyokusitisha izungushie duara. Tuseme una 116–112 na duara nne, zote ulizompa mshindi wako: mwenzako akiziona upande wa pili, kadi yake inasoma 112–116, na hakuna aliyehongwa.