Sikio la ndege na sauti ya babu yako

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza: babu amesoma kaswida zaidi ya miaka hamsini, zote anazo kichwani, sasa masikio yamemwisha nguvu, mbona na sauti nayo inamponyoka? Aliyekwisha kuhifadhi, sikio la nini tena?

Miaka yote niliyofundisha bayolojia, swali hili nililipenda kwa sababu ya ndege. Yuko shomoro mmoja wa Marekani mwenye taji jeupe. Kinda wake husikiliza wakubwa wakiimba, akauhifadhi wimbo, na huanza kuuimba baadaye sana. Mwaka 1965 mtafiti wa ndege Masakazu Konishi alichapisha alichokiona kwa makinda waliokwisha kuusikia wimbo, kisha wakafanywa viziwi kabla hawajaanza kuuimba. Wimbo walikuwa nao kichwani, lakini walipofungua midomo zilitoka sauti zisizo na umbo. Kinda hubwabwaja kama mtoto mchanga, anajisikia, analinganisha na anachokikumbuka, anarekebisha, siku baada ya siku. Jogoo hana kazi hiyo. Kifaranga akifanywa kiziwi, akikua atawika vilevile, maana kuwika amezaliwa nako.

Shomoro waliokuwa wameshakomaa katika wimbo ndipo wakawa viziwi, hao waliendelea kuimba vizuri. Ukiishia hapo utadhani mkubwa hahitaji tena sikio. Lakini Australia kuna ndege mdogo, mdomo mwekundu, koo lina mistari kama ya pundamilia. Dume mzima akipoteza usikivu, wimbo wake huharibika polepole: silabi zinalegea, nyingine zinapotea.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la watafiti Samuel Sober na Michael Brainard, la 2009. Waliwavika ndege wa kufugwa hedifoni ndogo mno, wakawasikilizisha sauti zao wenyewe zikiwa zimepandishwa kidogo. Ndege wakaanza kuimba chini zaidi, taratibu, kwa siku kadhaa. Zikishushwa, wanapanda. Fikiria, mwanangu: ndege mzima, wimbo anaujua, na bado kila siku anajisikiliza na kujisahihisha.

Ndivyo ilivyo kwa babu. Maneno hajasahau hata moja. Kilichomtoka ni yule msikilizaji wa ndani aliyekuwa akimwambia "hapo umepanda mno, shuka." Kwa hiyo usimwambie tena kwenye simu kwamba anapiga kelele. Yeye hasikii kelele, anasikia watu wakimkataza.

Kuna jambo linaloniuma. Chembe za sikio zinazonasa sauti, kwa ndege zikifa huota nyingine. Hilo limejulikana tangu 1988. Zetu hazioti. Pesa uliyotuma ya kifaa cha kusikilizia nimeipokea, Jumanne tunakwenda kumpima.

Siku hizi baada ya alasiri nakaa naye barazani, goti kwa goti. Sauti ikipanda mno namgusa goti, anashuka. Jana kwenye ubeti wa tatu aliinua kiganja akaliziba sikio la kulia, kama alivyokuwa akifanya zamani ukiwa mdogo, ili sauti yake imrudie kwa ndani, kupitia mifupa ya kichwa. Alianza kupanda, akasita, akashuka mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa bado uko pajani mwangu.

Mama yako