Skana au Kupapaswa Uwanja wa Ndege: Mwanamke Mwenye Hijabu Achague Lipi?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wetu. Mimi ni mama wa Kimombasa, naishi Marekani, jimbo la Ohio. Kila nikisafiri hukataa kuingia kwenye ile mashine ya kuinua mikono, kwa sababu nilisikia wanazuoni wa huku wameikataza kwamba inaonyesha mwili mtupu. Basi hupekuliwa kwa mkono. Safari ya mwisho afisa, mwanamke mwenzangu, alinipapasa kifuani na mapajani mpaka machozi yakanitoka, kisha akataka nifungue ushungi palepale mbele za watu. Mume wangu asema niingie kwenye mashine, hakuna kitu. Shoga yangu asema heri mkono wa mwanamke kuliko jicho la mwanamume. Julai naenda nyumbani na binti yangu wa miaka kumi na minne. Tufanye lipi? Na udhu je, maana huwa tumeshatawadha?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake.

Dada yangu, ulilia kwa haya, na Mtume (s.a.w.) amesema haya ni tawi katika matawi ya imani. Usione aibu kuuliza.

Jibu kwa ufupi: kwa mashine zilizoko leo katika viwanja vya Marekani, wewe na binti yako piteni kwenye mashine. Kupapaswa mwili mzima kuwekeni nyuma, pale tu mashine ikishindikana. Mume wako amepata jawabu, ingawa "hakuna kitu" si hoja ya kisheria. Shoga yako naye ameshika hukumu ambayo ilikuwa sahihi kwa mashine ambazo hazipo tena.

Tuianze ilipoanzia. Tarehe 25 Desemba 2009 kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege ya Amsterdam kwenda Detroit akiwa na baruti ndani ya chupi. Haikulipuka alivyokusudia, akakamatwa. Geti la kawaida hugundua chuma, na baruti si chuma, kwa hiyo mwaka uliofuata Marekani ikajaza viwanjani skana za mwili. Zilikuwa za aina mbili, za eksirei na za mawimbi ya milimita (mawimbi mafupi ya redio), na zote wakati ule zilimchorea afisa aliyeketi chumba cha pembeni umbo la msafiri bila nguo. Februari 2010 Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini likatoa tamko kwamba jambo hilo linavunja mafundisho ya Kiislamu ya stara, likawashauri Waislamu waombe kupekuliwa kwa mkono. Hilo ndilo ulilolisikia.

Tamko lile lilisimama juu ya msingi imara. Suratun Nur, aya ya 30 na 31, imewaamrisha waumini wa kiume na wa kike wainamishe macho na walinde tupu zao. Na katika Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) amepokea kwamba mwanamume asitazame utupu wa mwanamume, wala mwanamke utupu wa mwanamke. Angalia vizuri: hata kama aliyeketi nyuma ya kioo angekuwa mwanamke, katazo lingebaki palepale.

Lakini kanuni ya fiqhi inasema hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwepo na isipokuwepo. Sababu ya katazo ilikuwa ile picha. Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutaka skana zote zitumie programu isiyotoa picha ya mwili, na mashine za eksirei zilizoshindwa kupokea programu hiyo zikaondolewa viwanjani kufikia mwisho wa Mei 2013. Siku hizi unasimama, unainua mikono, sekunde chache zinapita. Skrini ipo pale pale nje, nawe ukigeuka unaiona: mchoro mmoja wa mtu, uleule kwa kila abiria, mnene na mwembamba. Kama huna kitu, skrini inakuwa ya kijani. Kama kipo kitu, kisanduku cha njano kinawekwa juu ya mchoro, begani au kiunoni. Hapo hapana utupu uliotazamwa, wala wa kwako wala wa mfano wako.

Wengine huhofia madhara. Mawimbi ya milimita si mionzi kama eksirei. Hayana nguvu ya kuchambua chembe za mwili, na mjamzito anapita. Saumu nayo haiguswi. Kwa hiyo haifai kudai mimba usiyokuwa nayo ili ukwepe mashine; huo ni uongo usio na haja.

Sasa tuje kwenye kupapaswa, maana hapa ndipo watu hudhulumika kwa kutojua. Ukikataa mashine, sheria yao inataka upekuliwe mwili mzima: kichwa, shingo, mikono, mgongo, kifua, kiuno, makalio, na miguu yote miwili kutoka kifundoni hadi juu ya paja. Ukiingia kwenye mashine na ikaonyesha kisanduku begani, linapapaswa bega. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo iliyonifanya nikwambie uanze na mashine. Ulipokataa ili ujisitiri, uliingia kwenye jambo zito zaidi. Wanazuoni wamesema penye mambo mawili yasiyopendeza, huchukuliwa lililo jepesi.

Je, kupapaswa ni haramu? Ukipapaswa na mwanamke mwenzako, juu ya nguo, kwa kiasi cha haja, si haramu kwako, wala huna dhambi ya jambo usilolipenda. Haja ya watu wengi huchukua nafasi ya dharura, na usalama wa mamia ya roho angani ni haja iliyo wazi. Lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake, haivuki mpaka. Mkono wa mwanamume juu ya mwili wako hauruhusiki, na bahati njema hata taratibu zao zinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Asipokuwepo, sema utasubiri. Usikubali kuharakishwa kwa sababu foleni ni ndefu.

Kuna hadithi ambayo kila anayezungumza juu ya upekuzi hurejea kwake. Kabla ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Hatib bin Abi Baltaa alimpa mwanamke barua ya kuwaonya Makureshi. Mtume (s.a.w.) akawatuma Ali, Zubayr na Miqdad wamfuate, wakamkuta Rawdat Khakh. Akakana kuwa na barua. Wakamwambia: utatoa barua au tutakuvua nguo. Akaitoa katika misokoto ya nywele zake. Imo katika Bukhari na Muslim. Mafaqihi wamechukua hapo kwamba upekuzi unajuzu panapokuwa na hatari ya kweli. Mimi naongeza jambo dogo ambalo watu hulipita: hakuna aliyemgusa. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alitoa kilichotakiwa. Kazi ilikwisha bila stara kuvunjika.

Nalo hilo ndilo ufanye kwa ushungi wako. Huwajibiki kuvua hijabu mbele za watu. Afisa akisema kichwa kinahitaji kukaguliwa, mwambie kwa upole kwamba unaomba ujipapase mwenyewe juu ya mtandio, kichwa na shingo, kisha viganja vyako vipanguswe kwa kile kitambaa cha kupima baruti. Utaratibu huu upo kwa vazi la kichwa la dini, na Masingasinga waliupigania kwa vilemba vyao hata ukakubaliwa mwaka 2007. Jipapase kwa uzito, si kwa kugusagusa, ili kipimo kiwe na maana. Akisisitiza lazima uvuliwe, taka chumba cha faragha na maafisa wanawake, nawe una haki ya kuingia na mtu wako. Binti yako asiingie peke yake hata kidogo, ingia naye. Omba mizigo yenu ije nanyi mle ndani, kwani pochi na pasipoti zilizoachwa kwenye mkanda hupotea.

Ikilazimu upapaswe mwili, afisa anatakiwa akueleze kabla hajaanza atagusa wapi na vipi. Sehemu nyeti hupitiwa kwa mgongo wa kiganja. Kiganja chenyewe hutumika kwa hali chache tu. Una haki ya kuomba glavu mpya, kuomba faragha, na kumwita msimamizi palepale ukiona mpaka umevukwa. Usimsukume mkono wala usipaze sauti, kwa sababu hapo kesi inageuka na kuwa yako. Kumbuka pia kwamba ukishaanza ukaguzi huwezi kugeuka na kuondoka. Waweza kutozwa faini.

Kuna hali moja ambayo hiari yote hupungua. Ukiona tiketi ya kuabiria imechapwa herufi S nne mfululizo, umeteuliwa kwa ukaguzi wa ziada: mashine, mkono na begi kufunguliwa. Tangu Desemba 2015 mamlaka ya usalama wa safari, TSA, inaweza kuwalazimisha baadhi ya wasafiri kupita kwenye skana hata wakitaka mkono. Fika mapema saa zima zaidi, na sala uipange kabla. Jambo hili likikurudia kila safari, peleka malalamiko katika mpango wa usuluhishi wa wasafiri wa Wizara ya Usalama wa Ndani, upewe namba ya kuandika kila unapokata tiketi.

Ukipita Ulaya, kanuni za Umoja wa Ulaya za 2011 zinakupa haki ya kukataa skana na kukaguliwa kwa njia nyingine. Uingereza mwanzoni ilikuwa kali zaidi: mwaka 2010 wanawake wawili wa Kiislamu waliokataa skana huko Manchester hawakupanda ndege. Tangu Novemba 2013 nako mbadala unaruhusiwa.

Sehemu kubwa ya tabu hii huanzia kabatini kwako. Skana husimamishwa na chochote kilicho kati ya nguo na ngozi, na hata na nguo yenyewe ikijikunja. Vaa baibui jepesi lisilo na shanga, almasi za kubandika wala darizi za nyuzi za fedha. Mtandio ufunge bila pini. Ukihitaji pini tumia ya plastiki, moja tu, na ndani vaa kofia ya kubana. Nywele za mafundo makubwa huleta kisanduku kichwani, basi zisuke ziwe bapa. Mifuko iwe mitupu kabisa: karatasi ya shashi, tasbihi, hata peremende. Sidiria yenye waya na pedi huweza kuonekana pia. Waambie kabla hujaingia, hapana haya katika kuondoa shaka. Mikono ioshe kwa maji kabla ya foleni, kwa sababu losheni zenye gliserini huweza kukifanya kipimo cha baruti kilie bure, na hapo ndipo mtu hupelekwa chumbani kwa upekuzi mzima.

Wanaume wanaovaa ihramu uwanjani nao wakumbuke jambo moja. Mkanda wenye bizimu ya chuma utatakiwa uvuliwe, na ndio ulioshika kikoi cha chini. Kikunje na ukichomeke imara, au ukifunge fundo chini ya mkanda, kabla hujafika mbele; kufunga fundo izari, yaani hicho kikoi cha chini, kunajuzu. Utupu wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti, na kudondokewa na izari mbele ya watu ni balaa inayoepukika.

Anayevaa nikabu atatakiwa kuonyesha uso ili ulinganishwe na pasipoti. Aombe afisa mwanamke, faraghani, afunue uso tu na kwa muda wa kutambuliwa. Mafaqihi wetu wameruhusu uso kutazamwa kwa ajili ya ushahidi na muamala, na hili ni la namna hiyo.

Kuhusu udhu: katika madhehebu yetu ya Shafi, unaovunjika ni udhu wa mwanamume na mwanamke wasio maharimu ngozi ikigusa ngozi. Mwanamke kumgusa mwanamke hakuvunji, hata bila glavu. Afisa mwanamume akikupangusa viganja kwa kitambaa cha kipimo naye amevaa glavu, pana kizuizi, udhu wako uko salama. Akikushika mkono ngozi kwa ngozi, tawadha tena.

Mwisho, mbwa wa kunusa, kwani hukuuliza lakini utakutana naye. Akinusa bila kugusa, hapana neno. Akigusa nguo, navyo vyote ni vikavu, hapana najisi. Ukiwa na shaka kama pua yake mbichi ilikufikia, asili ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Ukiona kwa yakini kwamba ameacha unyevu, basi mahali hapo paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Uwanja wa ndege hauna udongo, kwa hiyo beba baibui la pili kwenye begi la mkononi, badilisha kabla ya kusali, na lile la kwanza uliweke ndani ya mfuko wa plastiki uende ukalioshe nyumbani.

Wallahu aalam.