Sauti Itangoja, Anzeni na Kumeza

Wiki iliyopita binti mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, aliniandikia. Baba yake amepata AVC, yaani kiharusi, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Swali lake lilikuwa moja: "Papa, ulifanya nini mpaka sauti ikarudi? Sisi tunamsemesha mzee kutwa nzima, lakini wapi." Halafu chini kabisa, kama mtu anayeongeza salamu, akasema mzee hukohoa kila wanapomnywesha chai, na usiku mwili unamchemka.

Nilimjibu saa ileile: chai isimame, mzee arudishwe kwa daktari leo. Habari ya sauti tutaiongea baadaye. Najua jibu hilo halikumfurahisha. Hata mimi nilipopata AVC, kila aliyekuja kunipa pole aliuliza kama nasema. Hakuna aliyeuliza kama nameza.

Wanaonifahamu Bukavu wananifahamu kwa mikro. Nimeongoza harusi kuanzia Kadutu hadi Nguba, nimesimamia mahari ya ng'ombe na mahari ya dola, nimetuliza wajomba waliotaka kuondoka na bibi harusi wao. Kuna familia zilizosogeza tarehe ya ndoa kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeshachukuliwa na wengine. Nalisema bila haya, jina hilo nililitolea jasho. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo anaishiwa ulimi mbele ya watu.

Ilikuwa kwenye kikao cha komite ya harusi. Nilikuwa nasoma programu, nikafika kwenye "kuingia kwa maharusi", na maneno yakatoka yametafunwa. Nikarudia, yakatoka mabaya zaidi. Biki ikaniponyoka mkono wa kulia. Mjumbe mmoja akasema, "Leo mzee ameamka na kasiksi," yaani nimelewa, komite nzima ikaangua kicheko. Niliwasikia wote. Nilitaka kusema "nipelekeni hospitali", kikatoka kitu kisichoeleweka, na mate. Aliyesema maneno yale husoma ninayoandika hapa, na mpaka leo hajaniomba radhi.

Akili yangu haikupotea hata dakika moja. Watu hawalijui hili, ndiyo maana wanamsemesha mgonjwa wa AVC kama mtoto, au wanamsema mbele yake kama vile hayupo. Kusema ni kazi nyingi za ubongo kwa pamoja, na AVC inaweza kuharibu moja ikaacha nyingine. Kwangu zilizoharibika ni amri za kwenda kwenye misuli ya midomo, ulimi, kaakaa na zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Maneno nilikuwa nayo yote, kuyatamka ndiko kulikoshindikana. Madaktari huita hali hiyo disathria.

Mwenzangu wa kitanda cha pili, mzee wa kutoka Walungu, alikuwa na kitu kingine, afasia. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, lakini neno lenyewe halikuja. Muuguzi alimwonyesha kijiko. Akakitazama, akakigeuza, akatikisa kichwa. Alasiri ileile kikombe cha chai ya moto kikamwagikia pajani, na tusi la Kimashi likamtoka kamili, kila silabi mahali pake. Wajukuu wakasema babu anajifanya. Hajifanyi. Matusi, sala, kuhesabu moja hadi kumi, yale ambayo mdomo umeyazoea, mara nyingi hubaki hata pale sehemu inayounda sentensi mpya inapoumia. Kwa watu wengi sehemu hiyo iko upande wa kushoto wa ubongo. Daktari Paul Broca aliifuatilia huko Paris mwaka 1861, alipouchunguza ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebaki na silabi moja tu mdomoni, "tan". Na sisi wa hapa wenye lugha mbili au tatu, zinaweza zisirudi kwa pamoja. Kama mzee anaitika kwa Kimashi na Kifaransa hakijafunguka, msemesheni Kimashi. Acheni kumfanyia mtihani.

Sasa kumeza. Hospitali ya kwanza niliyopelekwa siitaji. Nilinyweshwa maji nikiwa nimelala chali, eti mgonjwa asikauke. Mama watoto alishika kikombe, muuguzi akasimama pembeni na simu yake. Siku za kwanza nilikohoa mpaka machozi. Baadaye kikohozi kikapungua, familia ikafurahi, wakasema napona. Kumbe koo lilikuwa halihisi tena, maji yanateremka mapafuni kimya kimya. Homa ya mapafu ilinikuta hapo, na iliniangusha kuliko AVC yenyewe. Nikahamishwa, nikawekewa sonda, mrija wa chakula, kutoka puani hadi tumboni.

Katika hospitali ya pili nilikutana na kine, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mama mtu mzima asiyecheka ovyo. Aliniketisha wima, miguu chini. Akachota kijiko kimoja cha maji, akaweka vidole vinne shingoni mwangu kuanzia chini ya kidevu hadi kwenye zoloto. "Meza." Alikuwa anasubiri zoloto lipande. Lilipanda kwa kuchelewa, kivivu. "Sasa sema aaa." Aaa yangu ikatoka imejaa maji na mapovu ndani yake. Akaweka kijiko chini, cha pili hakunipa. Kijiko kimoja na aaa moja, hakuna mashine wala umeme. Yangefanywa hayo usiku wa kwanza, nisingejua sonda inavyokwaruza pua.

Ndipo nikaelewa kwamba sauti na kumeza vinakaa mahali pamoja. Zile nyuzi mbili ndogo ndani ya zoloto zinazotupa sauti hazikuwekwa pale kwa ajili ya harusi. Ni sentineli wa geti la mapafu. Unapomeza, pumzi husimama, zoloto hupanda, kifuniko cha gegedu huinama juu yake, nyuzi hujifunga, tonge hupita nyuma kwenda tumboni, kisha pumzi inarudi. Koo humaliza kazi hiyo kwa muda wa sekunde moja hivi. Anayepanga zamu zote hizo ni shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, huku pande zote mbili za ubongo wa juu zikichangia. Amri za zoloto hupitia neva inayoitwa vagasi, na tawi lake la kushoto lina safari ya ajabu: hushuka hadi kifuani, hupita chini ya mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ndipo hupanda tena hadi kooni. Kwa hiyo mtu anaweza kukauka sauti kwa uvimbe wa kifuani, au baada ya kupasuliwa rovu, wala hana AVC. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu ipelekwe kwa daktari. Tangawizi na asali waachieni wanakwaya.

Karibu nusu ya wanaopata AVC hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Wengi hurudia kumeza vizuri ndani ya wiki chache, kwa sababu upande wa ubongo uliobaki mzima hujifunza kazi ya mwenzake. Hatari iko katika wiki hizo chache, na ndizo wiki ambazo mashangazi wote wanafika na chupa za chai.

Kwa hiyo, ninyi mnaouguza, mgonjwa asitiwe kitu mdomoni kabla hajapimwa kumeza. Ulizeni, hata kama muuguzi atakunja uso. Akiruhusiwa kula, akae wima. Kijiko kidogo, tonge moja, subirini limezwe, ndipo jingine. Asisemeshwe akiwa na chakula mdomoni. Wengine husaidiwa na kuinamisha kidevu, lakini aliyempima ndiye aseme. Na msidanganywe na wepesi wa kitu: maji, chai na mchuzi hukimbia kabla koo halijajifunga, wakati uji mzito hutembea polepole. Kwangu walininyima bugali kwa huruma wakaninywesha mchuzi wa sambaza, na mchuzi ndio ulionipalia. Uzito gani unamfaa mgonjwa wenu, hilo nalo anaamua aliyempima. Mdomo usafishwe kila siku, hata wa mtu mwenye sonda, maana uchafu wa meno ukiteremka na mate unaleta homa ya mapafu. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Akae wima, jamani. Nimeona mto mmoja wa kulalia ukimletea mtu msiba.

Sauti yenyewe ilirudi kwa mazoezi ya kuchosha ambayo sitawasimulia yote. Nilikuwa nasoma kwa nguvu majina ya familia nilizowahi kuziongozea harusi, neno moja pumzi moja, mama watoto akiwa chumba cha pili. Asiposikia, narudia. Alikuwa hasikii makusudi, nina hakika. Mwezi jana nilishika mikro tena, Nguba, ukumbi umejaa. Herufi R bado inanielemea, nami nikaongea taratibu kuliko zamani, na mzee mmoja wa upande wa mume akaniambia sasa ndiyo anasikia ninachosema. Yule kijana aliyechukua kazi zangu alikuwepo, amekaa meza ya nyuma. Nilimsalimia vizuri.

Lakini wanaume wenzangu, niwaambie ukweli. Mnanunua suti ya dola mia mbili na hamjawahi kupimwa tansiyo, shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha AVC. Mnasema hamuumwi. Tansiyo haiumi, ndiyo ubaya wake. Ikipimwa mara kadhaa ikabaki 140 kwa 90 au zaidi, hiyo tayari ni ugonjwa, na unaweza kuwa nao huku unacheza muziki. Mchungaji akikuombea, itika amina, kisha nenda ukapimwe. Ukiandikiwa vidonge, vimeze hata siku unayojisikia mzima, usiviache bila daktari. Na mgonjwa akishindwa kumeza kidonge, msikisage mkakichanganya na uji kabla ya kuuliza, kwa maana vipo visivyotakiwa kusagwa.