Kabla hujalipia tangazo la kitabu pepe chako

Tangazo kazi yake ni kumfikisha mtu mlangoni. Atanunua au ataondoka kwa sababu ya anachokikuta kwenye ukurasa wa kitabu, na ukurasa ukiwa mbovu, kulipia matangazo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Anza na jalada. Lifungue kwenye simu, ulipunguze hadi litoshe kwenye ukucha wa kidole gumba. Kichwa hakisomeki? Kuza herufi, punguza mapambo. Jina lako likibaki dogo si neno. Bado hakuna anayelitafuta.

Kinachosahaulika zaidi ni sampuli. Kwa kawaida Kindle, duka la vitabu pepe la Amazon, humwonjesha msomaji takriban asilimia 10 ya mwanzo wa kitabu. Kitabu cha kurasa 100 kikifunguliwa kwa shukrani, dibaji na wasifu wa kurasa 8, hadithi yenyewe inabakiwa na kurasa 2 za kumnasa mtu. Shukrani zipeleke nyuma. Mama yako atazikuta hukohuko.

Kwenye bei, piga hesabu. Amazon KDP, huduma ya kujichapishia vitabu, hutoa mrabaha (fungu la mwandishi katika bei) wa asilimia 70 kwa vitabu vya dola 2.99 hadi 9.99, nje ya hapo ni 35. Kwa dola 0.99 unapata kama senti 35, kwa 2.99, kama dola 2, kabla ya kukatwa ada ndogo ya kusafirisha faili. Yaani nakala sita za bei ya chini ndizo zinazolingana na moja ya 2.99. Bei hiyo ya chini iwe ya siku chache, au ya kitabu cha kwanza cha mfululizo.

Ukijiunga na KDP Select, mpango wa hiari wa kuiachia Amazon pekee kitabu chako, kwa siku 90 hicho kitabu pepe hakiruhusiwi kuuzwa wala kugawiwa pengine, hata kwenye tovuti yako. Unapewa siku 5 za kukitoa bure. Wengi huzimaliza wiki ya kwanza, kabla kitabu cha pili hakijawepo, na msomaji aliyependezwa anakosa cha kununua. Zitunze.

Ukurasa wa mwisho ndio wenye msomaji aliyekolea. Hapo omba jambo moja tu: ajiunge na orodha yako ya barua pepe, kwa kiungo kimoja. Ukimrundikia viungo vitano vya mitandao ya kijamii, atafunga kitabu akalale. Maoni ya ndugu na marafiki usiyaombe kabisa. Amazon inayakataza na huyafuta.

Ukishaanza kulipia matangazo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa jalada na bei siku moja, mauzo yakipanda hutajua cha kushukuru.